Mama Umurerwa na Waya Unaojua Kugusa

Wasikilizaji wapendwa, sogezeni viti. Leo tunamkumbuka Mama Umurerwa, muuza avoka, yaani maparachichi, wa mtaa wa Mapendo hapa Goma. Alifariki wiki iliyopita, nyumbani kwake mtaani Katoyi, kwa ugonjwa wa mapafu. Narudia: mapafu. Si moyo. Mtaona kwa nini nasisitiza.

Mwaka wa 2021 mlima wetu wa volkano, Nyiragongo, ulilipuka. Lava ilisimama, lakini ardhi iliendelea kutetemeka, na sisi watu wa Goma tukalala nje na magodoro yetu. Baadaye ardhi ilitulia, tukarudi ndani. Ila Mama Umurerwa aliendelea kuisikia. Alikuwa anatoka mbio akipiga kelele, "Inatetemeka! Mutoke na batoto!" Majirani wanatoka, watoto mgongoni, kumbe hata sufuria hazijasogea. Mwanzoni walimfuata. Baadaye wakacheka. Mwishowe alisimama uani peke yake, amejifunika kitenge, akingoja nyumba ianguke.

Binti yake, Chance, ndiye aliyemshika kifuani. Anasema: "Nilisikia roho yake inakimbia, inaruka-ruka. Nikamwambia, mama, haiko volcano. Ni roho yako."

Ni moyo, wapendwa! Mwendo wa moyo ulikuwa umeharibika. Vidonge vilishindwa. Daktari wa hapa akasema moyo ule utachoka, utasimama, aende Nairobi. Ilikuwa 2022, na vita vilikuwa vimefunga barabara ya kwao Rutshuru. Ndugu zake hawakuweza kuja hata kumuaga. Alivuka mpaka na Chance tu.

Sasa sikilizeni maajabu haya, mimi hadi leo nashika kichwa. Kule daktari alipitisha waya mwembamba kwenye mshipa wa paja, ukapanda hadi ndani ya moyo. Moyo unadunda, na mama yuko macho! Ncha ya waya inaunguza mahali padogo panapovuruga mapigo. Ikigusa kidogo mno, hapaungui. Ikisukuma mno, ukuta wa moyo unatoboka, na mama amekwenda. Basi ncha ile inahisi yenyewe. Inamwonyesha daktari kwenye skrini inakandamiza kwa gramu ngapi. Mama akauliza, "Docteur, sasa unasukuma kama nini?" Akajibiwa, "Kama uzito wa kijiko cha sukari."

Kijiko cha sukari, wapendwa! Jamani, binadamu amefika mbali.

Mama alirudi mzima, akaja hapa studio akicheka: "Miye naminyaka avoka tangu utoto. Nikikaza kidole, inaharibika. Nilizania hakuna mutu ananishinda kugusa. Ile waya imenishinda!"

Januari 2025 vita viliingia mjini. Mabomu yalitikisa nyumba, safari hii kweli. Majirani walijazana chumbani kwake, wakalala chini. Mmoja wao, Mama Nshobole, anakumbuka: "Nilikuwa natetemeka mubaya. Akakamata mukono yangu, akaiweka kwa kifua yake. Akasema, 'Sikia hii. Pumua nayo.' Ilikuwa inapiga polepole, sawa na saa. Na miye nilimuchekaka sana, ule mama. Ile siku sikuondosha mukono kwa kifua yake mpaka masasi ya bunduki ikanyamaza."

Chance, na familia yote ya Katoyi na Rutshuru, poleni sana. Mungu awafute machozi, ampokee mama yetu. Nasi tuliobaki, tujiulize: ni nani nyumbani kwetu anayesema anasikia kitu ambacho sisi hatukisikii? Tusimwache asimame uani peke yake.