Fundi Zipora na Pikapu Iliyoponea Mnadani

Jumatatu tarehe 30 Juni 2025, Fundi Zipora Matonya anakabidhi funguo za karakana ya Shirika la Visima Nyika ya Kati, hapa Miyuji, baada ya miaka thelathini na minne ya utumishi. Mimi, Scolastika wa stoo, nimegombana naye kwa miaka kumi na tisa kati ya hiyo. Niliomba mwenyewe kuandika wasifu huu kabla hawajampa mtu mpole.

Aliajiriwa mwaka 1991 kama msaidizi wa fundi. Enzi hizo, watu wakiona miguu ya mwanamke imechomoza chini ya gari, walidhani amegongwa. Mara mbili alivutwa nje na wasamaria wema, spana mkononi, akiwafokea.

Mwaka 1998 alikuta pikapu kuukuu nyuma ya ghala, kuku wanatagia juu ya injini. Wote waliokuwapo walishaihesabu kuwa banda. Yeye aliomba kuku wahamishwe, kisha kwa miezi kumi na minne, kila baada ya saa za kazi, akaifufua. Springi zilitoka kwenye lori la mahindi lililokufa Kibaigwa, mlango mmoja ukawa wa kijani na mwingine wa bluu, na kiti akakiunda kwa benchi bovu la kanisani kwao. Akaiita Namba Saba. Tangu hapo imebeba pampu, mabomba, saruji, maharusi wawili, na dume la ng'ombe lililogoma kushuka hadi jioni.

Kosa lake kubwa ninalolijua ni kuunganisha waya wa honi na wa breki. Kwa wiki tatu, kila breki ilipokanyagwa, honi ililia. Alipolirekebisha, watoto wa barabara ya Kondoa walileta malalamiko.

Mwezi Machi kamati ya magari iliamua kwamba Fundi akistaafu, Namba Saba ipigwe mnada, kwa kuwa hakuna mwingine anayeiweza. Siku hiyo hakugusa chai. Pampu za vijiji vya makorongoni zingebaki kusubiri magari ya kukodi, naye angekwenda nyumbani akijua kazi ya mikono yake imeuzwa kama chuma chakavu. Akaomba jaribio moja: dereva Iddy apeleke pampu Chemba na kurudi peke yake, naye Fundi mwenyewe asiguse gari wala kupiga simu. Kamati ilikubali, wengine wakicheka chinichini.

Miezi miwili akamnoa Iddy. Alimfunga kitambaa machoni, akawasha injini, akamtaka ataje kinachogonga. Iddy akikosea, anaanza upya. Tulikuwa tunakwenda kutazama kama sinema.

Siku ya safari Fundi alifagia karakana mara nne. Iddy alitegemewa saa nane mchana. Saa kumi ilipita hajaonekana, na sisi tuliokuwa tukimtania Fundi tukahamia getini kutazama barabara. Saa kumi na moja kasorobo Namba Saba ikaingia getini, vumbi tupu, Iddy kichwa nje ya dirisha:

"Shikamoo, Mama! Paipu ya rejeta ilipasuka, nikaifunga na mpira wa tyubu!"

Anaapa pia kwamba aliibembeleza kwa Kisandawe, na hilo hatubishi. Tulirukaruka kama wendawazimu; mwenyekiti wa kamati alipoteza kiatu kimoja, na mnada ukafutwa palepale.

Fundi Zipora hakuruka. Alifungua boneti, akachungulia kwa muda mrefu, akauvuta ule mpira kwa kidole. Kisha akaifunga boneti bila kurekebisha chochote, jambo ambalo sijawahi kuliona tangu niajiriwe, akalia mbele yetu sote.

Mama Zipora, asante kwa kila kitu, hata kwa magomvi. Mungu akupe afya, na mvua ya kutosha shambani kwako Msalato. Nenda kapumzike, Namba Saba ina fundi.