Anselmo Catapang na Pampu Iliyoazimwa

Baba Padri, ndugu zetu wa Lemery mliotoka nyumbani alfajiri, majirani wa Caridad, na ninyi mafundi wa meli mliokuja na fulana zenu za kazini zilizopauka, mimi ni Luzviminda, mtoto wa kwanza wa marehemu, na familia imenituma nisimame hapa niwasomee maisha ya baba yetu toka mwanzo hadi mwisho. Mama ameniomba mambo mawili, nisome kwa utulivu na nisimtaje mtu. La utulivu nitajaribu.

Marehemu Anselmo Catapang alizaliwa tarehe 21 Aprili 1948 katika mji wa Lemery, mkoa wa Batangas, siku ya sikukuu ya Mtakatifu Anselmo, ndiyo maana jina lake halikutafutwa mbali, akiwa mtoto wa nne kati ya saba wa marehemu Fermin Catapang, fundi baiskeli, na marehemu Salud, aliyeuza kahawa. Alisoma shule ya msingi hapo hapo Lemery kuanzia mwaka 1955 hadi 1961, akamaliza sekondari mwaka 1965, kisha akasomea injini za dizeli mjini Batangas, akahitimu Machi 1967 akiwa wa pili katika darasa lake, na yule wa kwanza, baba hakuacha kutukumbusha hata akiwa kitandani, alikuwa mpwa wa mwalimu.

Tarehe 4 Machi 1969 aliapishwa kuwa baharia wa jeshi la majini, akapangiwa chumba cha injini cha meli ya doria ambayo mabaharia waliiita Bibi, iliyoundwa ng'ambo mwaka 1944 kwa ajili ya vita vya watu wengine, tukapewa sisi ilipochakaa, ikimzidi baba umri kwa miaka minne. Aliambiwa avumilie miaka miwili, meli mpya zinakuja. Akakaa na Bibi miaka thelathini na moja.

Mafundi mliopo hapa mnajua ilikuwaje. Vipuri vyake havikutengenezwa tena popote duniani, kwa hiyo meli moja ikiugua ilifunguliwa ya pili ili ya kwanza ipone, na ya pili ikaponywa kwa ya tatu, mpaka gatini hapa Cavite kukawa na meli zimebaki makopo matupu, na ninyi wenyewe mkawa mnataniana kwamba mnakula ndugu zenu. Baba alikuwa bingwa wa kazi hiyo, alikata gasketi kwenye soli za viatu, alichonga vali kwa mkono, na nahodha mmoja alisema mbele ya watu kwamba Bibi haendi kwa dizeli, anaenda kwa matusi ya Anselmo.

Tarehe 27 Desemba 1975 alifunga ndoa na mama yetu, Pacita Ilagan, katika kanisa la San Roque hapa Cavite, wakajaliwa watoto wawili, mimi mwaka 1977, na mdogo wangu Ruel mwaka 1981, ambaye yuko kwenye meli ya mizigo na hakuweza kufika. Nilibatizwa tarehe 10 Julai 1977, na baba yangu wa ubatizo akawa Policarpio Magsino, Poling, fundi mkuu wa meli iliyokuwa ikifunga kamba jirani na Bibi. Sisi hapa tunajua uzito wake, baba wa ubatizo wa mtoto huwa ndugu wa baba wa mtoto, wanaitana kumpare, na kumpare haombwi ushahidi wala haandikishwi kitu. Samahani mama, nimeshamtaja mtu.

Mwaka 1995 ikapita sheria ya kuyaboresha majeshi, na baba siku hiyo alinunua nguruwe mzima wa kuchoma, eti anaaga uzee wa Bibi. Mwaka 1997 sarafu za nchi zetu zikaporomoka, na zile meli mpya zikaporomoka nazo. Majirani waliendelea kununua. Singapore walikuwa na nyambizi, India wana meli za kubeba ndege, Korea wanaunda wenyewe, na baba alisoma gazeti mezani huku akipiga kifua, "Wenzetu wanazamia chini ya bahari, sisi tunaazimana ndoo!" Alisema kwa kicheko. Hakujua anajitabiria.

Mei mwaka 2000 meli za majirani zilialikwa kwenye gwaride la baharini katika ghuba ya Manila, na watu waliopo wanakumbuka ile heka heka ya kupaka rangi, maana hakuna kitu kinatutia kiwewe kama aibu mbele ya mgeni. Agizo likatoka kwamba kila meli ya gwaride iweke vifaa vyake vyote vya kuzimia moto sitahani vikaguliwe. Meli ya Poling ilichaguliwa, Bibi hakuchaguliwa, wangemwonyesha nani. Sasa kila meli ilikuwa na pampu ya kubebwa, yenye injini yake ndogo, watu wawili wanaibeba, nayo ndiyo tegemeo umeme wa meli ukikatika, na pampu ya Poling ilikuwa imekufa tangu mwaka uliotangulia, na ombi la mpya lilikuwa bado linapigwa danadana kutoka ofisi hadi ofisi.

Tarehe 3 Mei, saa sita mchana, Poling akavuka ubao akaja kwa Bibi na watu wawili. Haya ninayosema aliyasema baba mara mia mezani petu, hayakubadilika hata neno. "Kumpare, nipe pampu yako wiki moja tu, wageni wanakuja, nitaumbuka." Akatoa mfukoni karatasi ya kuazimia, ameshaijaza, ameshatia sahihi yake, bado ya baba. Baba akacheka, "Aa, kumpare, karatasi ya nini kati yetu? Wewe ulimshika mwanangu kichwa padri akimmwagia maji, leo nikuandikishe pampu?" Poling akaikunja karatasi, akairudisha mfukoni, na pampu ikabebwa. Ikapakwa rangi nyekundu, ikasimama sitahani, wageni wakaipigia saluti. Mnaijua methali ya nguo ya kuazima. Padri yupo, malizieni wenyewe.

Wiki ikawa mwezi. Baba akidai anajibiwa, "Kesho, kumpare, fundi rangi hajamaliza," kisha meli ya Poling ikatumwa Zamboanga, kusini kabisa mwa nchi, pampu ikiwa humo humo.

Tarehe 17 Septemba 2000, Jumapili, saa nne asubuhi, baharini magharibi ya kisiwa cha Palawan, bomba la mafuta la Bibi lilipasuka na chumba cha injini kikashika moto, umeme ukakatika, pampu kubwa ikasimama, na ile ya kubebwa ilikuwa Zamboanga imependeza kwa rangi nyekundu. Walizima moto kwa ndoo. Kwa ndoo, ndugu zangu, mwaka 2000. Fundi Nestor Umali, miaka thelathini na minane, aliyerudi ndani kufunga vali ya mafuta ili wenzake wapone, hakutoka, na baba yangu aliungua mikono yote miwili akimvuta.

Mjane wa Nestor, Mama Belen, yuko hapa leo, amekaa nyuma karibu na mlango. Tulipompelekea msibani sufuria ya wali na kuku, ilirudi imejaa kama ilivyokwenda, na toka siku hiyo hakukanyaga kwetu kwa miaka ishirini na minne. Simlaumu. Na mimi ningerudisha.

Tume ya uchunguzi ilikaa Novemba mwaka huo. Wakamwuliza baba pampu iko wapi, akasema aliiazimisha. Karatasi iko wapi, akasema hakuna. Wakamwita Poling, wakamwuliza kama aliazima, naye akajibu neno moja, "Sikumbuki." Wale wawili walioibeba hawakuitwa. Alikuwa anasubiri kupandishwa cheo, na akapandishwa. Baba yangu aliandikiwa kwamba alipoteza kifaa cha serikali kwa uzembe uliosababisha kifo, tarehe 15 Januari 2001 akashushwa vyeo viwili, akastaafishwa, na ndiyo sababu mnaona jeneza hili halina bendera na nje hakuna askari wa kupiga risasi hewani. Bibi naye alikatwa kuwa vyuma chakavu mwaka uliofuata.

Krismasi ya mwaka ule wa moto Poling alinitumia saa ya mkononi kama kawaida ya baba wa ubatizo. Nilitaka kuirusha baharini, baba akanishika mkono na bandeji zake. "Usimrudishie. Ana watoto wanne yule, na bado ni kumpare." Nilimkasirikia baba yangu kwa hilo kuliko nilivyomkasirikia Poling, na leo naona nitangulize kusema hivyo nikiwa nimesimama karibu naye.

Kuanzia mwaka 2001 hadi 2024 marehemu aliendesha karakana ndogo hapa Caridad, akitengeneza, ndiyo, pampu, pampu za visima, za mashamba ya samaki, za nyumba zilizofurika maji, na kila tarehe 17 Septemba alivaa shati jeupe akaandika barua kuomba kesi ifunguliwe, barua ishirini na nne, majibu manne, yote yakimtaka aambatanishe karatasi ya kuazimia. Hakuomba cheo wala mafao. Aliomba jambo moja tu, Belen aambiwe kwamba Nestor hakufa kwa uzembe wa rafiki yake.

Na meli mpya zikaja, tusiseme hazikuja. Vietnam walipofikisha nyambizi sita baba alikata habari ile gazetini, akaandika pembeni kwa kalamu, "Na pampu je?" Tulipopata manowari mbili kutoka Korea akakata tena, yalipokuja makombora kutoka India akakata tena, na kila kipande kina maneno yale yale pembeni, vimejaa boksi zima la viatu. Mwaka 2023 manowari moja mpya ilifungua milango kwa wananchi, nikampeleka, na afisa mmoja mwenye adabu sana akatutembeza kwenye mitambo ya kurushia makombora, akieleza umbali na shabaha. Baba akamkatiza, "Mwanangu, makombora nimeyaona kwenye runinga. Nionyeshe pampu ya kubebwa." Akaonyeshwa tatu, zimefungwa mahali pake, safi kabisa. Akazipapasa. Akauliza mwenzako akitaka kuazima inakuwaje, na afisa akajibu kwa fahari, "Haitoki bila sahihi tatu, mzee. Tunafundishwa darasani. Zamani kuna fundi mmoja mzembe alipoteza pampu, mtu akafa."

Baba alimshukuru. Alishuka ngazi akiwa ameshika kamba kwa mikono miwili, na siku hiyo hakula.

Mwezi Juni 2024 madaktari waligundua kwamba figo zake zimechoka, akaanza kusafishwa damu mara tatu kwa wiki, akitukana ile mashine kwa kuisikiliza tu, "Beringi yake inalia, mwambieni mtu." Aliaga dunia Jumapili tarehe 9 Februari 2025, saa tisa alasiri, akiwa na umri wa miaka sabini na sita, mama akiwa amemshika mkono wa kulia, ule wenye kovu kubwa zaidi.

Hapo historia ingeishia, na hivyo ndivyo nilivyokuwa nimeiandika hadi juzi. Jana mchana tulifungua bahasha za rambirambi mlizotia kwenye boksi wakati wa mkesha, na katika mojawapo isiyo na jina hapakuwa na fedha, palikuwa na karatasi ya kuazimia, imekunjwa mara nne, imekuwa ya njano, ya tarehe 3 Mei 2000, pampu moja ya kubebwa kutoka meli ya Bibi, na chini sahihi ya mwazimaji, Policarpio Magsino. Miaka ishirini na minne mfukoni. Barua zote zile, majibu yote yale, na karatasi iko ng'ambo ya barabara kwenye droo ya mtu.

Baba Poling, nakuona, umekaa safu ya tatu karibu na feni. Una miaka sabini na minane na magoti mabaya, na kuja kwako najua hakukuwa kwepesi, lakini bahasha haitoshi. Kwenye boksi la rambirambi wanatia watu sadaka, na hii si sadaka, ni mali ya baba yangu. Mama anataka izikwe naye, iwekwe chini ya mikono yake. Nimekataa, mama, unisamehe. Marehemu anajua aliyoyafanya. Hapa kwenye maandishi yangu nimeacha mistari miwili mitupu, nitanyamaza kwa muda huo, na karatasi hii nimeinyosha mkononi. Njoo uichukue, umpelekee Mama Belen kwa mkono wako, umwambie kwa mdomo wako.

Asante, Baba Poling. Msaidieni, pale pana ngazi. Na Mama Belen naye huyo, anakuja mbele kukutana naye.

Kwa niaba ya familia nawashukuru madaktari na wauguzi waliomhudumia, hasa yule aliyekwenda kuita fundi wa beringi kweli, nawashukuru majirani wa Caridad kwa karanga, kahawa na siku sita za kukaa nasi, nawashukuru mafundi wenzake ambao hamkuacha kumsalimia hata ilipokuwa kumsalimia kunaharibu kazi. Mama Belen, usirudi nyuma mlangoni, kiti kiko hapa mbele, kando ya mama, na baada ya makaburini tutakula wote wali na kuku, tumepika sufuria ile ile.

Baba, zamu yako imepokewa, imeandikwa na imetiwa sahihi. Sasa upumzike kwa amani.