Wanapotagia Samoni

Kukicha tu, benchi la mbele ya duka la kijiji limeshajaa. Yupo Delbert, anayeitwa Redio kwa sababu hajapata kuzimwa; yupo Shangazi Verna na chupa yake ya chai yenye kahawa; na yupo Wilfred, ambaye asubuhi hiyo alikuwa amevimba kichwa kweli kweli. Barabara mpya itafuata kijito chao hadi mlimani, na tangu theluji ya kwanza kijiji kizima kinapiga kelele kwamba matope ya tingatinga yatayafukia mayai ya samoni, samaki wanaopanda kutoka baharini kuja kutaga, kwenye kokoto. Jana ukumbini, mbele ya wakubwa wa barabara, Wilfred ndiye aliyegonga meza.

— Mliwaona walivyonywea? akauliza.

— Mimi ndiye niliyewamaliza, Redio akasema. Niliwaambia samoni akinusa lami tu, anageuza hapo hapo, anarudi baharini.

— Baharini tu? Verna akadakia. Huyo anafika Japani! Na akifika anawatangazia wenzake kwetu kumeharibika.

— Shangazi, samoni hasemi, Redio akasema.

— Utamsikia saa ngapi, na hilo domo lako?

— Nyie hamjui kitu, Wilfred akasema. Wakiziba kijito, samoni wanapanda barabarani. Watapita hapa hapa dukani, wameshika upande wao kama magari.

— Na dubu nyuma yao wamepanga foleni! Verna akaongeza.

Walikuwa bado wanacheka gari liliposimama. Akashuka Colleen, injinia wa barabara, kofia ngumu kichwani.

— Hamjambo, wazee wangu. Mmeshinda! Barabara tunaipindisha, mazalia hatuyagusi. Tingatinga linaanza Jumatatu. Nionyesheni tu samoni wanatagia wapi, nipazungushie utepe pasiguswe.

Hata Redio alizimika. Kule kila ukoo una mahali pake pa kuvulia, na mtu hamtajii hata shemeji yake. Wilfred alionyeshwa pake na bibi yake, akaapishwa asimwambie mtu. Akisema, wenzake wameshapajua; asiposema, Jumatatu ni matope matupu. Akamtazama Redio, akamtazama Verna. Nao walikuwa wamekodolea macho viatu vyao.

— Bibi anisamehe, akasema. Nyuma ya mwerezi ulioungua, penye jiwe jeupe.

— Mwongo mkubwa we! Verna akaruka. Pale ni petu! Mama alinionyesha mwenyewe!

— Penu wapi? Redio akafoka. Mimi navua pale kila mwaka tangu sijaota ndevu!

— Hata mimi, kila mwaka! Wilfred akang'aka.

Colleen aliwatazama mmoja mmoja, akauliza taratibu, bila kejeli yoyote:

— Sasa kama wote mnakwenda pale kila mwaka, mbona hamjawahi kukutana?

Wilfred hakukumbuka mara ya mwisho kuushuka ule mteremko ilikuwa lini, na aibu ilimshika hadi masikioni. Redio alikuwa anakagua kucha zake. Verna aliinamisha chupa juu ya kikombe, akaikung'uta. Halikutoka hata tone.

Wilfred ndiye aliyesimama kwanza.

— Tufungulie mlango wa gari, mwanangu, akasema. Tukaangalie kama samoni bado wapo.