Picha Yenye Juu na Chini

Tarehe 30 Aprili mwaka huu Bi Bolette anastaafu, baada ya miaka thelathini na mmoja ya kulala kazini. Msishtuke. Hapa Nyumba ya Picha, mjini Uummannaq, huku kaskazini kabisa mwa dunia, ni yeye peke yake aliyeruhusiwa. Alilipwa alale kifudifudi juu ya bahari iliyoganda, lenzi ikikaribia kugusa barafu, apige picha ya eneo lisilozidi kiganja cha mkono.

Kabla ya hapo alipiga picha za kawaida: harusi, vipaimara, mashindano ya mbwa. Kisha, majira fulani ya kuchipua, mumewe Piitaaraq alikwenda kuvua ng'ambo ya rasi, barafu ikapasuka chini yake, akazama yeye, sleji yake ya kukokotwa na mbwa, na mbwa wote. Hakuonekana tena. Bahari ilipoganda upya Bolette akaanza kuipiga picha barafu kwa karibu, na harusi akatuachia sisi. Hakuna aliyemuuliza kwa nini. Kwetu hapa mtu haulizwi barafu imemnyang'anya nini.

Mnazijua picha zenyewe. Viputo, nyufa nyembamba, weusi wa maji kwa chini. Wageni hubishana mbele ya picha hizo, huyu anaona nyota, yule anaona ngozi ya sili. Wavuvi wetu wao huona unene tu. Kuna mzee alisimama mbele ya moja muda mrefu, akatangaza kwamba hiyo isingembeba, akaenda zake kunywa kahawa. Nyingine ilitundikwa kichwa chini kwa miaka, na Bolette akawa anaipita kila asubuhi kimya. Mkurugenzi alipogundua na kuja mbio kuomba radhi, aliambiwa barafu haina juu wala chini, aiache ilale inavyotaka.

Miezi michache baada ya msiba ule mpwa wa Bolette alijifungua binti, na binti akapewa jina la Piitaaraq, maana kwetu jina la marehemu haliachwi likae bila mwenyewe, na anayelichukua, awe wa kike au wa kiume, hushika nafasi yake. Tangu hapo Bolette akamwita mtoto "mume wangu". Mtoto naye alipojua kusema akawa anamwita "mke wangu", na kumgombeza akitoka bila glavu. Tulivunjika mbavu siku mume huyo alipoingia ofisini, hana meno ya mbele, akidai chakula chake. Leo ni mwanamke mzima, ana mbwa wake na mashua yake.

Lakini jambo moja lilimshinda Bi Bolette. Kila mwaka alifika kwenye rasi, akaishia hapo. Pale alipozama mumewe hakupakanyaga. Mwakani, alikuwa akisema. Alitaka ailalie barafu ya pale, aitazame uso kwa uso, aipige picha moja tu, ndipo astaafu. Mwaka huu akatuambia yuko tayari. Na mwaka huu bahari ikakataa kuganda.

Tulisubiri Januari, tukasubiri Februari. Hadi Machi fimbo za chuma ambazo wavuvi hupimia unene wa barafu zilikuwa bado zinapenya kwa pigo moja. Bolette alikuja kazini, akatazama dirishani, akaketi. Jamani, ilituuma. Mimi nilimpikia kahawa.

Ndipo Piitaaraq alipoingia na mabuti yake yenye magamba ya samaki, akamwambia avae, wanakwenda kwa mashua. Bolette akakataa. Maji hayana cha kupigwa picha, alisema.

"Mke wangu, miaka yote hii umeniambia nisubiri," Piitaaraq akasema. "Leo nimekuja kukuchukua mwenyewe."

Hakuna aliyecheka. Bolette alichukua kamera, nami nikawafuata.

Pale mahali palikuwa maji matupu, meusi, yametulia. Bolette aliinama ukingoni mwa mashua akalia kwa sauti, kitu ambacho sikuwahi kukisikia tangu tufahamiane. Piitaaraq akavua glavu, akatia mikono majini, akaopoa kipande cha barafu kilichokuwa kikielea, akakishika mbele ya lenzi. Bolette akamgombeza avae glavu, vidole vitakufa kwa baridi. Hakuvaa. Alikishika mpaka kikaanza kumtiririka mikononi.

Picha hiyo sasa iko mlangoni petu. Utaona viputo, ufa mmoja, na pembeni wekundu uliofifia, ambao ni vidole vya Piitaaraq. Katika picha zake zote za barafu, ni hii tu yenye mtu. Fundi alipokuja kuitundika akauliza kwa mzaha juu ni wapi, kwa kuwa barafu haina juu. Bolette aliinuka kitini, akaigeuza kwa mikono yake, vidole vikawa chini, vimeibeba barafu.

Bi Bolette, ahsante kwa yote. Kifudifudi umelala vya kutosha; sasa lala chali, upumzike. Tunakuombea siku njema na mumeo, na bahari tunaiombea igande.

Hansiina, chumba cha kuchapia picha