Miti Mia Mbili ya Duara Jekundu

Kijiwe chetu kiko mlangoni kwa Fundi Randa seremala, na kazi yake kubwa ni ubishi. Asubuhi hiyo taarifa ya habari ilisema miti mia mbili iliyopimwa miaka mitano iliyopita kwenye msitu wa hapo juu haionekani, na wapimaji wanarudi kuitafuta. Mwenzetu Kipimo ndiye aliyeipaka rangi miti ile. Ni kibarua pekee kilichowahi kumpa buti, na tangu alfajiri alikuwa amezivaa, akiomba Mungu wamchukue tena. Lakini kahawa ilikuwa inapoa mkononi mwake, jambo ambalo sijawahi kuliona.

— Ni mitambo ya angani, akaanza Redio, ambaye hakuna habari asiyoiongezea yake. Inaupiga picha msitu kila siku. Mti ukipigwa picha sana unachuja.

— Unachuja kama shati? akauliza Mama Birika huku akimimina kahawa.

— Cheka tu. Mwisho unafutika kabisa.

— Acha uzushi, akasema Fundi Randa. Mti una haya zake. Watu wanaukumbatia, wanauzungushia utepe usawa wa kifua, wanaandika. Wewe mama, mtu akupime kiuno halafu akakitangaze, utabaki mtaa huu?

— Kiuno changu kiache.

— Mimi nasema imehama, nikadakia, maana sikutaka kupitwa. Wilaya ya jirani kuna mvua. Imevuka mpaka, imejiandikisha huko.

— Kwa miguu gani?

— Mizizi ni nini kama si miguu?

— Kipimo, wewe ndiye mtaalamu, akasema Mama Birika. Hebu sema.

— Kahawa imepoa, akajibu Kipimo.

Gari likasimama. Akashuka binti mpimaji, utepe shingoni, daftari kwapani.

— Shikamooni, wazee.

— Marahaba, mwanetu.

— Natafuta mti namba moja. Tuliizungushia yote duara jekundu, ili tukirudi tuone imenenepa kiasi gani.

Fundi Randa akahamia kwenye mlango wa karakana yake, akauziba wote kwa mgongo. Kipimo akaweka kikombe chini.

— Mwanangu, huku kwetu duara jekundu maana yake mti umeuzwa. Wakata mbao wote wanajua hivyo. Wakiliona tu, msumeno unapita. Ninyi mlikuja na rangi nyekundu tupu, na mimi nikapaka.

— Yote mia mbili?

— Sikuruka hata mmoja.

— Na ulijua maana yake?

— Nilijua. Niliogopa nikisema mtachukua mtu mwingine.

Nilimhurumia, na nikaona aibu kwamba namhurumia yeye peke yake. Binti hakufoka. Afadhali angefoka.

— Na ninyi wengine hamkujua?

Redio aliezeka nyumba mwaka ule ule. Mama Birika alipikia vipande vya mbao miezi sita. Mimi nilipata kitanda cha futi sita, kizuri, hakilii hata ukijigeuza.

— Tulijua, akasema Mama Birika.

— Sasa kwa nini hakuna aliyetuambia?

Tukabaki tunatazamana, kila mmoja akimsubiri mwenzake aanze.