Kialama cha Maureen

Birika lilianza kulia jikoni kwangu kabla ya mapambazuko. Nikanywa chai, nikawahi basi la kwanza la kwenda Skipton, mji wa soko kaskazini mwa Uingereza. Kwenye kiti cha mbele yangu alikaa Bi Thirkell, mwalimu mstaafu. Mzee Wilf Ackroyd, muuza mboga, alipopanda, Bi Thirkell aliondoa mkoba wake kwenye kiti cha pembeni yake ili mzee akae.

"Mwalimu, una rangi nyeupe kwenye glavu," mzee akasema. "Kumbe ni wewe uliyechezea kibao cha duka langu usiku!"

"Nimekisahihisha. Kile kialama cha apostrofi kikikaa baada ya herufi ya mwisho, ile 's', maana yake duka ni la akina Ackroyd, watu wengi. Wewe uko peke yako, kwa hiyo nimekihamishia kabla yake. Kiingereza kina sheria zake, bwana."

"Kialama kile alikichora mke wangu Maureen kwa mkono wake, siku tuliyofungua duka."

"Maureen ametutoka, Wilf. Mwaka wa pili huu."

"Najua. Nilikuwepo."

Abiria wote tukageuka kutazama kondoo dirishani, kama vile hatujawahi kuona kondoo.

"Nataka kirudi palepale," akasema mzee.

"Lakini itakuwa kosa."

"Basi niachie kosa langu."

Bi Thirkell alitoa peremende mkobani akampa. Kwetu huku peremende ni nusu ya kuomba radhi, na nusu ya pili huchelewa sana. Mzee aliipokea.

Basi likasimama sokoni, mzee akainuka. "Njoo tena na rangi yako, Mwalimu," akasema. "Ila uje mchana, na upige hodi."