Hitsch Gujan Anaweka Chini Bisibisi, Si Bunduki

Tarehe thelathini Septemba, saa ya kufunga duka, Christian Gujan atavua aproni yake ya ngozi baada ya miaka arobaini na sita ya kutengeneza na kuuza bunduki za shabaha katika duka la Salzgeber, pale chini ya stesheni. Bonde zima linamwita Hitsch, na hapa pia tutamwita Hitsch. Hilo la Christian hulisikia kwa daktari na kwa mchungaji tu. Ametimiza miaka sitini na mitano, mgongo bado umenyooka, ulimi bado mkali. Kustaafu ni haki yake na hakuna anayemnyima. Ila mwezi Juni alitangaza mbele ya watu, mezani, supu ya shayiri ikiwa bado inatoa moshi, kwamba akiacha duka ataacha na uwanja wa shabaha, bunduki yake ataiuza, na Jumamosi atakaa nyumbani kuangalia mlima. Ndiyo maana wasifu huu umeandikwa na mpishi wa jikoni ya uwanjani, si mwenyekiti wa chama cha shabaha. Mwenyekiti angeandika kwa upole.

Aliingia dukani kijana, ametoka mafunzo ya jeshi juzi tu, na masikio yake yalikuwa makubwa kuliko kichwa. Marehemu mzee Salzgeber alimpa ufagio mwaka mzima kabla ya kumpa bisibisi. Alipompa, Hitsch alikifungua kifyatulio cha bunduki ya mteja na hakuweza kukirudisha. Mzee hakumgombeza. Alimletea kiti na kumwambia, "Kaa hapo mpaka kirudi. Mimi nakwenda kula." Kilirudi jioni. Tangu siku ile hakuna kifyatulio bondeni ambacho Hitsch hakukijua kama mtu anavyojua mlango wa nyumba yake, unakwama wapi na unaachia wapi.

Wakati ule bunduki ilikuwa moja tu machoni pa watu, ile ya Hamsini na Saba, inayoitwa hivyo kwa mwaka ambao jeshi liliipokea. Nzito kama ndama, inajijaza yenyewe kila risasi ikitoka, ina miguu miwili ya kuisimamisha mbele. Wanaume waliimaliza zamu yao jeshini na kurudi nayo nyumbani, imefungwa ile njia ya kumwaga risasi mfululizo, ikabaki ya kufyatua moja moja. Ikasimama ukumbini pamoja na miavuli. Jumamosi mchana ungewaona wamepanda baiskeli, bunduki mgongoni, soseji mfukoni, wakielekea uwanjani kama watu wanaokwenda harusini. Shabaha zilikuwa za karatasi, mbali, ng'ambo ya malisho, na chini yake ndani ya handaki walikaa watu waliotuonyesha kwa ubao risasi ilipotua. Aliyekosa kabisa alipungiwa ubao huku na huku, taratibu, ili hata mke wake aliye jikoni aone. Siku hizi ni skrini. Skrini haina mzaha.

Hitsch hakuwa na adabu za dukani. Mteja akiingia na kuuliza bunduki gani ya kujijaza ni bora kwa shabaha ya mbali, hakumwonyesha kabati. Alimwonyesha godoro. Lilikuwa godoro kuukuu la mistari ya buluu, analitandika sakafuni kati ya kaunta na dirisha, na kila mnunuzi, awe meneja wa benki au mchunga mbuzi, alilala juu yake kifudifudi huku wapita njia wakichungulia. "Fumba macho," Hitsch angesema. "Ikumbatie bunduki kama unavyomkumbatia mkeo akiwa amelala, usimwamshe. Vuta pumzi. Haya, fumbua." Mtutu ukiwa umeelekea kwenye msumari alioupigilia ukutani, sawa. Ukiwa umeelekea jikoni kwa bibi Salzgeber, mke wa mzee, aliitwaa bunduki, akaleta nyingine.

Hayo mengine aliyasema baadaye, mtu akiwa bado kalala na hawezi kukimbia. Kwamba uzito si adui wa anayelala chini, ni adui wa anayepanda mlima nao. Kwamba kifyatulio kizuri huachia mahali pale pale kila mara, hata kama ni kigumu, na kibaya hukushtukiza. Kwamba mtutu usiguswe na kitu kinachoutikisa. Kwamba ukipata risasi za aina moja zinazotua karibu karibu kama mayai kiotani, nunua hizo hizo na uache kusikiliza majirani. Na lile alilolirudia mpaka watoto wa shule wakawa wanalisema barabarani: "Bunduki inajijaza yenyewe. Haijilengi yenyewe." Maana yake ni kwamba bunduki ya namna hii humfanya mtu awe na haraka. Risasi nyingine iko tayari, basi anainua shavu kutoka kwenye kitako kuangalia aliyopiga, na inayofuata inakwenda kutembea.

Alikosea pia, tusimfanye malaika. Ilipokuja bunduki mpya, ile ya Tisini, nyepesi, risasi yake ndogo, kitako chake cha plastiki kinakunjwa, Hitsch aliitazama kama mtu aliyeletewa supu baridi. Aliipa jina la mwiko. "Mwiko wa plastiki huo, mpelekeeni mpishi." Mpishi alimjibu kwamba mwiko wa jikoni umeshalisha watu wengi kuliko bunduki zake zote, na yakaishia hapo. Lakini Margreth Ladner, mwenye ng'ombe kule juu, mwanamke mdogo wa mwili, alipofika kutaka bunduki ya kwanza maishani mwake, Hitsch alimuuzia Hamsini na Saba bila hata kulikunjua godoro, kwa sababu marehemu mume wake alitumia ile. Majira yote ya kuchipua bega la Margreth lilikuwa na rangi ya bitiruti. Siku ya Pasaka, mlangoni mwa kanisa, akalifungua koti lake mbele ya watu na kumwambia, "Hitsch, tazama kazi yako."

Jumatatu duka likiwa limefungwa, alipanda mwenyewe mpaka zizini kwa Margreth na ule mwiko begani. Hakuomba radhi kwa maneno mengi. Alisema, "Nilikuuzia bunduki ya mume wako. Hii ni yako," akainywa kahawa yake, akashuka. Tangu hapo Margreth ana nishani za shada, zile wanazopewa wenye alama za juu, nyingi kuliko kofia za kuzibandika, na Hitsch hakuuza tena bunduki kwa mtu aliyesimama. Yeye mwenyewe aliendelea na Hamsini na Saba yake. Kwa wengine alijifunza, kwake hakujifunza. Wanaume wako hivyo.

Sasa tuje kwenye lile la Juni, kwa kuwa watu wamelisimulia vibaya.

Ilikuwa siku ya shindano la uwandani, ambapo bonde zima hulala chini na kupiga, wazee kwa wajukuu. Hitsch alikuwa kwenye njia ya tatu, na kushoto kwake alilala Luzi Tarnutzer, mtengeneza jibini. Ukafika mzunguko wa haraka. Hitsch akapiga risasi zote sita. Skrini yake ikabaki tupu. Ya Luzi ikajaa matundu kama jibini lake, mengine mazuri kabisa, kuliko aliyopiga Luzi tangu azaliwe. Kwetu risasi iliyokwenda kwenye shabaha ya jirani huitwa ng'ombe aliyepotea, na mwenye ng'ombe humnunulia jirani kahawa yenye kipombe. Haina aibu, imempata kila mtu. Luzi akainuka kwa magoti, akapiga kelele uwanja mzima usikie, "Hitsch, ng'ombe wako wote wamelala zizini kwangu. Niwakamue, au unakuja kuwachukua?" Tukacheka mpaka miwani ikaanguka.

Hitsch alinunua kahawa. Alikaa mezani. Ndipo akasema yale ya kuuza bunduki na kukaa nyumbani, na akauweka ufunguo wa uwanja, aliokuwa akiutunza yeye, karibu na chumvi. Luzi alidhani ni mzaha, akasema, "Kwa ng'ombe sita tu, bwana? Mimi nimepoteza kundi." Hitsch hakucheka. Akavaa kofia, akaondoka, supu yake ikabaki.

Aliyejua sababu ni Seraina peke yake. Seraina Clavadetscher amefanya kazi kando ya Hitsch tangu alipokuwa mwanagenzi wake, na ndiye atakayeishika ile meza ya ufundi kuanzia Oktoba. Alikuja jikoni, akashika taulo, akaanza kukausha sahani ambazo zilikuwa kavu. "Bibi," akaniambia mimi mpishi, "jicho lake la kulia lina doa katikati. Daktari wa macho kule mjini Chur alimwambia wakati wa theluji. Anaona pembeni, katikati hakuna kitu. Alilenga kwa kubahatisha." Basi tukaelewa kwamba Hitsch hakuona haya kwa sababu ya ng'ombe. Jicho lile ndilo alilolengea maisha yake yote, na mtu asiyeona ncha ya bunduki yake, alijiambia, ana kazi gani na watu wa shabaha?

Julai hakuonekana. Wakati wa kukata nyasi alionekana kwa mbali. Luzi alimpelekea kipande cha jibini, akakiacha mlangoni kwa kuwa hakufunguliwa. Kuna watu walisema tumwache, ndiyo uzee. Watu hao wamekuwa wazee tangu wakiwa na miaka thelathini.

Jumatano moja ya Agosti, duka limefungwa, sakafu inapigwa deki, Seraina alilitoa godoro. Hitsch alikuwa anafuta meza. Alilitazama.

"Nani anakuja?"

"Ameshafika," Seraina akasema. "Lala."

"Usinichezee, binti."

"Mteja wangu wa kwanza, na tayari msumbufu. Lala, mzee. Bega la kushoto."

Alisema amepiga kwa bega la kulia miaka yote hiyo, mti mkavu haukunjwi. Seraina akamwambia hakuulizwa habari za miti. Mwisho alilala, kwa kunung'unika, na magoti yalilia kuliko yeye. Seraina alimpa kwanza Hamsini na Saba yake mwenyewe, na hilo lilikuwa jambo la heshima. Kwa bega la kushoto, kila alipotaka kuvuta kishikio cha kuingizia risasi ya kwanza, kilichoko upande wa kulia, ilimbidi aipandie bunduki kama mtu anayepita juu ya uzio, shavu linaondoka, godoro linasogea naye. Alijaribu, akajaribu tena. Aliibembeleza ile bunduki. Kisha akailaza pembeni taratibu, akaufunika mtutu kwa kitambaa.

Deki ilisimama.

"Niletee huo mwiko," akasema.

Akaletewa. Kitufe cha usalama kiko pande zote mbili, kidole gumba cha kushoto kikakikuta bila kutafuta. Shavu likatulia. Akafumba macho, akavuta pumzi, akafumbua. Seraina akapiga magoti nyuma yake kuangalia mtutu umeelekea wapi. Ulikuwa umeelekea karibu na msumari, si juu yake. Mwingine angesema uongo wa kumpendeza. Seraina alisema, "Umekosa upana wa kiganja. Sogeza nyonga." Hitsch akasogeza nyonga. Huyo ndiye mwanafunzi aliyemlea, na kama atakumbukwa kwa kitu kimoja katika kazi yake, tungependa kiwe hicho.

Jumamosi ya kwanza ya Septemba alikuja uwanjani. Alipita nyuma ya watu, mwiko ndani ya mfuko kama mtu aliyebeba samaki wa kuiba. Luzi alimwona, akafunga mdomo kwa mara ya kwanza tangu ubatizo, akamsogezea mkeka. Hitsch akalala upande asiouzoea. Alichukua muda mrefu kuliko mwanajeshi wa siku ya kwanza. Risasi zilitua zimetawanyika kama kuku waliomwona mwewe, mbili zikagusa duara jeusi la katikati, nyingine kando kando, lakini zote kwenye shabaha yake. Luzi aliichunguza skrini yake mwenyewe kwa makini sana. "Kwangu hamna mgeni leo," akasema. "Pole, nilikuwa nimeshatayarisha ndoo." Hitsch alimwambia aende kukamua mke wake, na hapo tukajua amerudi.

Alikula sahani mbili. Shavu lake la kushoto lilikuwa jekundu mahali lilipokandamizwa. Alipokuwa anavaa koti alisimama mlangoni, akamuuliza Seraina, bila kumtazama, Jumamosi ijayo wanafungua saa ngapi. Mtu huyu ndiye aliyeushika ufunguo wa mlango ule tangu mzee Salzgeber alipozikwa. Seraina akamjibu kama anavyojibiwa mwanachama yeyote: "Saa saba na nusu. Usichelewe."

Basi, Hitsch, kwa niaba ya duka, chama na jikoni, tunakushukuru. Kwa kila mtutu ulioufuta, kwa kila mpumbavu uliyemlaza sakafuni akanyanyuka na bunduki inayomfaa, kwa zile Jumamosi za baiskeli na ubao wa kupunga ambazo hazitarudi na ambazo wewe ulikuwemo ndani yake zote. Tunakutakia maisha mema, lakini si kule nyumbani unakotaka kuyaishi ukitazama mlima peke yako. Yaishi hapa, mbele ya macho yetu. Lako moja limechoka. Yetu bado ni mengi.